Ua la Shangazi

Ua lilikuwa kwenye beseni la bluu nyuma ya mgahawa wa shangazi yangu, Runzewe, pale maji ya mvua yanapodondoka kutoka kwenye bati. Majani yake yalikuwa ya kijani yanayong'aa, vikonyo vimevimba kama vichupa vidogo, na juu yamesimama maua ya zambarau hafifu, kila moja na doa la njano kwenye petali ya juu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeliona ua langu?"

Nililiona. Nililitambua pia, kwa sababu sekondari nilisoma Mwanza, na asubuhi nyingi nilipita ufukweni nikaona zulia la ua hilohilo limeziba mwalo, wavuvi wanalisukuma kwa makasia ili mitumbwi itoke. Kule tuliliita gugu maji. Hapa Runzewe, mbali na ziwa, lilikuwa pambo.

Shangazi akanieleza kwa furaha jinsi alivyolipata. Mama mmoja anayemletea dagaa alikuja nalo ndani ya ndoo, mashina matatu tu. Halitaki mbolea, halitaki kupaliliwa, halifi. "Hesabu sasa," akasema. Nilihesabu hadi arobaini nikaacha. Alikuwa ameshamgawia jirani, na mengine akampa kijana anayetunza bustani ya gesti moja yenye kidimbwi cha samaki wa mapambo.

Sikumwambia kitu jioni ile. Nilijua lile neno "gugu" lingemuumiza, tena mbele ya wateja. Lakini usiku nilikaa na simu na madaftari yangu ya zamani, nikifuatilia safari ya mmea huu kutoka Amazon hadi kwenye beseni lile. Nilichokiona ni kwamba karibu kila kituo cha safari hiyo kina mtu kama shangazi: mtu aliyependa ua, akataka na mwenzake awe nalo.

Kwao ni Amerika ya Kusini, bonde la Mto Amazon. Mwaka 1823 Carl von Martius, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani aliyekuwa amesafiri Brazili, aliueleza kitaalamu kwa mara ya kwanza. Baadaye ukapewa jina la Eichhorn, waziri wa elimu wa Prussia. Jina la heshima, kwa mmea wa heshima. Katika karne hiyo matajiri wa Ulaya walijenga nyumba za vioo na vidimbwi, na kila mwenye kidimbwi alitafuta ua la kuelea ambalo jirani hana. Bustani za mimea zikaupokea, wauza maua wakausambaza.

Marekani husimuliwa kwamba wageni wa maonyesho makubwa ya pamba ya New Orleans, yaliyoanza mwaka 1884, waligawiwa mashina ya ua hili kama zawadi. Wapo wanahistoria wanaoitilia shaka hadithi hiyo. Kisicho na shaka ni kwamba kabla karne haijaisha, mito ya Louisiana na Florida ilikuwa imezibwa kiasi cha meli kukwama, na mwaka 1899 bunge lao likaruhusu jeshi la wahandisi liuondoe. Halikufaulu. Ndipo mwaka 1910 mbunge wa Louisiana, Robert Broussard, akapeleka muswada wa kuagiza viboko kutoka Afrika wakaufyeke gugu, kisha wao wenyewe waliwe kama nyama. Miongoni mwa waliomuunga mkono alikuwemo Frederick Burnham, mpelelezi aliyepigana vita vya wakoloni kusini mwa Afrika. Muswada ulikwama. Nilicheka peke yangu gizani, kisha nikafikiri: watu wazima walikuwa tayari kuhamisha viboko kuvuka bahari ili kurekebisha kosa lililoanzia kwenye kidimbwi cha maua.

Afrika, mmea ulifika Misri mwishoni mwa karne ya 19, nako kwa ajili ya bustani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulionekana Mto Kongo, na mwaka 1958 katika Nile Nyeupe, Sudan. Kwetu Tanganyika uliripotiwa Mto Sigi mwaka 1955 na Mto Pangani mwaka 1959, kwa hiyo ulikuwa mwenyeji wetu kabla hatujapata uhuru. Lakini pwani ni mbali na Ziwa Victoria. Ziwani uliingia kwa mlango mwingine.

Mlango huo ni Mto Kagera. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba enzi za Wabelgiji ua hili lililetwa Rwanda kwa ajili ya mabwawa ya bustani, likaponyoka hadi kwenye mito inayoingia Kagera, na Kagera ikalishusha ziwani. Mwaka 1989 ndipo lilipothibitishwa ndani ya Ziwa Victoria. Malori yanayopita mbele ya mgahawa wa shangazi usiku kucha yanakwenda Rusumo, na pale Rusumo yanavuka mto huohuo. Nimekua nikisikia honi zake bila kujua kwamba chini ya lile daraja ndiko lilikopita ua nililokuwa nikilitazama Mwanza.

Miaka michache ilitosha. Mmea huu hauhitaji hata mbegu ili kuongezeka. Shina moja hutoa kikonyo cha pembeni, kikonyo kinakuwa shina jipya, na katika hali nzuri eneo lililofunikwa huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Ziwa lililokuwa likipokea mbolea za mashambani na maji machafu ya mijini liliupa chakula tele. Kufikia mwaka 1998, upande wa Kenya pekee, hasa Ghuba ya Winam, ulifunika takribani hekta 17,000. Bandari ya Port Bell ilisumbuliwa, mitambo ya umeme ya Owen Falls kule Jinja ikazongwa. Wavuvi walishindwa kutoka, na waliotoka walishindwa kurudi. Chini ya zulia hilo maji hukosa hewa na samaki huondoka. Katikati ya mizizi hujificha konokono wanaobeba kichocho.

Watu waling'oa kwa mikono, kwa mapanga, kwa mashine. Kilichosaidia zaidi ni mdudu: mbawakavu wawili wadogo wa jamii ya Neochetina, wenye asili ya hukohuko Amerika ya Kusini, ambao hula mmea huu na funza wao huutoboa vikonyo hadi unazama. Uganda iliwaachia mwaka 1995, Kenya na Tanzania mwaka 1997. Sisi tuliwazalisha Kibaha, kisha kandokando ya ziwa. Pamoja na mawimbi na mvua za El Niño, kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya zulia ilikuwa imeporomoka.

Imeporomoka, nasema, si kwisha. Mbegu zake hukaa kwenye tope hadi miaka 20 zikisubiri. Gugu limerudi mara kwa mara, na kizazi changu hakijawahi kuliona ziwa bila gugu. Halafu limepata mwenzake. Mwaka 2025, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwezi Juni, vivuko vya pale vilizongwa na gugu jingine, salvinia, kijimea kinachoelea, chenye majani madogo yenye vinyweleo. Hiki nacho asili yake ni Brazili, nacho kimezunguka dunia kupitia matangi ya samaki na bustani za maji. Bwawa la Kariba lilipokuwa likijaa, mwaka 1962, salvinia ilikuwa imefunika zaidi ya moja ya tano ya bwawa lote.

Nilipofika hapo niliacha kusoma nikafikiria ramani ya kwetu.

Nchi yetu hii ni mgongo wa maji. Mvua inayonyesha upande wa kaskazini, kuelekea Chato, huteremka Ziwa Victoria. Inayonyesha upande wa kusini wa Bukombe hushuka Kigosi, ikaingia mabwawa ya Moyowosi, ikafuata Malagarasi hadi Ziwa Tanganyika. Moyowosi na Malagarasi ni ardhi oevu inayolindwa chini ya mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2000, zaidi ya hekta milioni 3. Ni maji mengine kabisa, yenye samaki wake. Gugu haliwezi kupanda mgongo huo kwa nguvu zake. Linahitaji mtu, na ndoo.

Kulipokucha nilimsubiri shangazi amalize vitumbua vya kwanza. Sikuanza na neno gugu. Nilimuuliza kama anakumbuka mwaka ambao dagaa walipanda bei mpaka akaacha kuwapika. Alikumbuka. Nikamwambia ua hili nalo lina historia na dagaa. Nikamsimulia ziwa, mto wa Rusumo, hata wale viboko wa Marekani. Alicheka kwenye viboko. Kisha akanyamaza, akifuta mikono kwenye kanga.

"Kwa hiyo nimefuga mwizi," akasema.

"Hapana shangazi. Kwenye beseni halidhuru mtu. Shida ni siku utakapochoka nalo."

"Nitalimwaga kule korongoni. Tunamwaga vyote kule."

Ndilo jibu ambalo karibu kila mtu mwenye kidimbwi au tangi la samaki angelitoa, hapa au London. Hakuna anayetaka kuua kitu hai. Kukirudisha majini kunaonekana huruma. Ulaya walilifikiria jambo hili wakachelewa: ni mwaka 2016 tu ndipo Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku kuuza na kufuga ua hili. Hapa nchini tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na mipakani wanakagua. Lakini nani atakagua ndoo ya mama wa dagaa?

Tuliling'oa pamoja asubuhi ile. Tulilianika juu ya bati siku nne, mbali na maji, mpaka majani yakakatika mkononi kama tumbaku, tukalichoma. Maji ya beseni tulimwaga kwenye udongo mkavu chini ya mwembe, na tope la chini tukalifukia hapohapo. Jirani alikubali kwa shingo upande. Shangazi alimwahidi miche ya waridi.

Kwenye gesti tulimkuta yule kijana anamwagilia. Kidimbwi kilikuwa safi, samaki wekundu wanaonekana hadi chini. Shangazi akamuuliza lile ua liko wapi.

"Lilijaa, mama. Nililipunguza wiki mbili zilizopita."

"Ulilitupa wapi?"

Akaonyesha kwa mpira wa maji, nyuma ya ukuta, ambako ardhi inateremka kuelekea kwenye mashimo ya zamani ya wachimbaji yaliyojaa maji ya mvua. Shangazi alivua kandambili zake, akaziweka juu ya ukuta, akaniambia nitangulie.