Vumbi Jeusi Katika Damu

Aliyekulia Mpanda miaka ya themanini, Katavi ikiwa bado sehemu ya Rukwa, anaikumbuka klorokwini. Ilikuwa chungu kama shubiri na ilimwasha mtu usiku kucha, lakini homa ilishuka. Leo ukienda zahanati na malaria huipewi. Imekuwaje?

Habari inaanza mwaka 1847, daktari Mjerumani Heinrich Meckel alipoona chembe nyeusi katika damu ya maiti. Mwaka 1880, huko Algeria, Mfaransa Alphonse Laveran aliufuata weusi huo huo akamwona mdudu wa malaria akiwa hai.

Weusi ule ni mabaki ya chakula. Mdudu huyu hula damu yetu, akabakiwa na hemu, molekuli yenye chuma ambayo kwake ni sumu. Hana pa kuitupa. Basi molekuli hizo hupangika moja baada ya nyingine, kama matofali ukutani, zikawa fuwele isiyomdhuru. Wataalamu wengi wanaona kwamba mpangilio huo huanzia juu ya uso wa mafuta ndani ya mfuko wake wa chakula. Chuma hicho kina usumaku hafifu, na mwaka 1981 watafiti walionyesha kwamba sumaku yenye nguvu huweza kuzitenga chembe za damu zenye vimelea.

Klorokwini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1934, huganda kwenye uso wa fuwele, molekuli mpya zikakosa pa kukaa. Sumu humrudia mwenyewe.

Mdudu hakubadilisha ukuta wake. Alibadilisha mlango: akaanza kuitoa dawa nje kabla haijafanya kazi. Usugu huo ulionekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya sabini. Tanzania Bara iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001, na dawa mseto ikaja mwaka 2006. Zaidi ya miaka ishirini ilipita, na waliolipa gharama ya kuchelewa huko ni watoto.

Nayakumbusha haya kwa sababu mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba huko Kagera artemisinini, nguzo ya dawa mseto, imeanza kupoteza makali. Kagera na Katavi zote ziko magharibi, na vimelea husafiri bila nauli ndani ya damu ya abiria. Basi tupime kabla ya kumeza, tumalize dozi, na wenye mamlaka wasisubiri miaka mingine ishirini.