Mwanahistoria na Msanii: Funzo la Kinjeketile

Hebu tuchukulie kwamba mwanafunzi wako hapa Milimani, Nakuru, ameandika hivi: "Kinjeketile alikamatwa baada ya wapiganaji wa Maji Maji kushindwa." Je, utampa alama? Katika swali la tamthilia, mpe. Katika swali la historia, amekosea.

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kusini mwa Tanzania ya leo, alikuwa mtu halisi. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, ilhali vita viliendelea hadi 1907. Katika miaka ya 1960, wanahistoria wa Dar es Salaam, miongoni mwao G. C. K. Gwassa na John Iliffe, walikusanya kumbukumbu za vita hivyo, yakiwemo masimulizi ya wazee. Ebrahim Hussein, aliyesoma katika chuo kikuu hichohicho, akachapisha tamthilia yake mwaka 1969. Katika utangulizi alitahadharisha kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu, si nakala ya mtu wa historia.

Kwa nini basi msanii alimwacha shujaa wake hai hadi baada ya kushindwa? Ni kwa sababu alihitaji kumtia katika mtihani mgumu: akiri kwamba maji yalikuwa uongo, au akatae? Kinjeketile anakataa, kwa kuwa kukiri kungewafanya vizazi vijavyo waamini kwamba hata kupigania haki kulikuwa kosa. Dhamira hii isingejitokeza kwa uzito huo endapo mhusika angekufa vita vikianza tu.

Hapa ndipo ushirikiano unapoonekana. Mwanahistoria hutafuta kilichotokea na ushahidi wake. Msanii huuliza tukio lile lina maana gani kwetu. Hussein hakuificha mipaka hiyo, na kwa hivyo hakumdanganya mtu.

Suala hili latuhusu sana sisi wa Bonde la Ufa. Mwaka huohuo wa 1905, tarehe 19 Oktoba, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano uliotarajiwa kuwa wa amani. Tuseme wanafunzi wako wanataka kumwigiza jukwaani. Mwalimu wa Kiswahili asiufanye mradi huo peke yake. Amshirikishe mwenzake wa historia, wawasikilize wazee pamoja, kisha mtangazaji awaeleze watazamaji ni wapi ubunifu umeingia. Katika eneo ambalo kumbukumbu za ardhi na damu bado zinauma, uzushi unaovikwa joho la historia unaweza kuchochea chuki.

Nawe mtahiniwa, unapojadili tamthilia ya kihistoria, usiihukumu kwa tarehe tu. Taja tukio halisi, onyesha mwandishi alichobadilisha, kisha ueleze dhamira aliyoijenga kwa mabadiliko hayo. Mgala muue, na haki yake mpe.