Jibini ya Kiswisi

Jibini ya Kiswisi ni jibini ya maziwa ya ng'ombe, ngumu au ngumu kiasi, inayotengenezwa kwa kufuata mapokeo ya milima ya Uswisi, hata kama mtengenezaji wake yuko Marekani au Ufaransa. Maana inabebwa na kiambishi ki-: kama chakula cha Kichina kinavyoweza kupikwa Mombasa, jibini ya Kiswisi inaweza kutoka Wisconsin. "Jibini ya Uswisi" ni vyema ibaki kwa ile iliyotoka Uswisi kwenyewe, kama Emmentaler ya bonde la mto Emme na Gruyère ya Fribourg. Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba nchini humo "gruyere" ni jina la aina ya jibini, si la mahali inapotoka.

Ladha ya Emmentaler huletwa na bakteria wa jamii ya Propionibacterium. Bonge la jibini, ambalo huweza kufika kilo 100, likiwekwa kwenye chumba chenye joto la nyuzi 20 hivi, bakteria hao hula asidi ya laktiki na kutoa asidi ya propioniki, asidi ya siki na kaboni dioksidi. Hapo ndipo unapotoka utamu wake mwepesi unaokaribia ule wa njugu. Gesi nayo, kwa kukosa pa kutokea, husukuma na kuacha matundu. Mwaka 2015 watafiti wa Agroscope, taasisi ya Uswisi, walieleza kwamba matundu huanzia kwenye chembe za nyasi kavu zilizoingia katika maziwa. Maziwa yakiwa safi mno, matundu hupungua.

Gruyère haina matundu mengi. Huivishwa miezi 5 au zaidi, na ladha yake ni nzito, yenye chumvi zaidi.

Jikoni, sifa kuu ya jibini hizi ni kuyeyuka vizuri. Kwa fondyu, Gruyère na Vacherin Fribourgeois hukunwa, zikayeyushwa polepole katika mvinyo mweupe ndani ya chungu kilichosuguliwa kitunguu saumu, kisha vipande vya mkate huchovywa humo. Asidi ya mvinyo huzuia protini isigandamane; moto ukizidi, mafuta hujitenga na jibini hubaki nyuzi ngumu. Gruyère hufunika pia supu ya vitunguu ya Kifaransa. Emmentaler hufaa sana kwenye sandwichi, na ikiliwa bila kupikwa itolewe kwenye friji mapema, kwani baridi huifisha ladha.