Mkeka wa mechi kumi na shamba la Mzigua

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumzie mkeka. Si ule wa ukili unaotandikwa barazani, bali ule wa karatasi au wa simu, ambao vijana wetu huusuka kila mwisho wa juma kwa majina ya timu za Uingereza, Hispania na hata Norway, ambazo hawajapata kuziona uwanjani. Ukipita Manundu mjini Korogwe siku ya Jumamosi, au Chanika kule Handeni, utaisikia lugha yake: mkeka umetiki, mkeka umechanika, timu fulani imenichania mkeka dakika ya tisini.

Wapo wanaolaani mchezo huu na wapo wanaousifu. Mimi leo sikuja kuhubiri. Nataka tuangalie umetoka wapi na hesabu yake inakwendaje, kwa maana fedha inayoingia humo ni fedha ya mahindi, ya machungwa na ya bodaboda, na mwenye fedha ana haki ya kujua anachonunua.

Kwanza tuelewane. Kila mechi ina bei yake, ambayo vijana huiita odi. Odi ikiwa 1.90 na ukaweka shilingi 1,000, ukishinda unapokea 1,900. Katika mkeka, mechi kadhaa hufungwa pamoja, na odi zake huzidishwa moja kwa nyingine, hazijumlishwi. Ndiyo maana shilingi 1,000 huonekana kuzaa laki kadhaa. Lakini sharti ni moja: zote zitiki. Ikikosea moja, zilizobaki hazina thamani hata ya senti.

Mtindo huu ni wa zamani. Katika karne ya 18 watu wa Ulaya walicheza karata za faro. Aliyeshinda aliweza kukataa kuchukua ushindi wake, akakunja pembe ya karata yake kuonyesha kwamba fedha yote, mtaji na faida, inabaki mezani kwa zamu inayofuata. Waliita paroli. Huo ndio mkeka wenyewe: ushindi wa kwanza unakuwa dau la pili, wa pili unakuwa dau la tatu, na mchezaji hashiki kitu mpaka mwisho. Tofauti ni kwamba mcheza faro aliamua kila zamu kama aendelee au asimame. Mtu wa mkeka ameamua yote tangu mwanzo, kabla mpira haujapigwa.

Soka iliingia baadaye. Mwaka 1923, huko Liverpool, John Moores na wenzake wawili walianzisha Littlewoods, wakagawa kuponi 4,000 nje ya uwanja wa Manchester United. Zilirudi 35 tu. Hata hivyo kampuni hiyo ilikuja kuwa kubwa mno. Kule fedha za wachezaji wote zilikusanywa chunguni, kampuni ikatoa fungu lake, na zilizobaki wakagawana washindi. Maduka ya kubeti yaliruhusiwa Uingereza mwaka 1961.

Kwetu hapa, Serikali ilitunga sheria ya ubashiri wa soka na bahati nasibu mwaka 1967, na mwaka 1974 ikafuata Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Bodi tunayoifahamu, na inakataza walio chini ya miaka 18 kucheza. Kisha ikaja simu. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na baadaye haikumlazimu mtu wa Mkata au Kwamsisi kusafiri kwenda mjini ili aweke dau. Mwaka 2017 SportPesa iliwadhamini Simba na Yanga kwa pamoja, na Julai mwaka huo Everton, akiwemo Wayne Rooney, ikacheza na Gor Mahia jijini Dar es Salaam. Kubeti kukawa ndani ya jezi.

Sasa hesabu. Chukua mechi kumi, na katika kila moja unabashiri jambo lenye pande mbili: magoli matatu au zaidi, ama mawili au pungufu. Tuseme pande hizo zina nguvu sawa, kama kurusha shilingi juu. Bei ya haki ingekuwa 2.00, maana ukishinda mara moja katika mbili, unarudisha chako. Kampuni haikupi 2.00, inakupa 1.90. Ile 10 ndiyo mshahara wake. Katika mechi moja, kwa kila 1,000 unayoweka, wastani wa kinachorudi ni 950. Hasara ya shilingi 50, na wengi wangesema si neno.

Funga kumi pamoja. Majibu yanayowezekana ni 1,024, kwa kuwa mbili imezidishwa kwa mbili mara kumi. Sasa fikiria watu 1,024, kila mmoja na mkeka wake usiofanana na wa mwenzake, kila mmoja ameweka shilingi 1,000. Zimekusanyika 1,024,000. Atashinda mmoja tu, naye kwa odi ya 1.90 iliyozidishwa mara kumi atapokea kama 613,100. Zinazobaki kwa kampuni ni karibu 410,900. Ile hasara ya shilingi 50 imekuwa shilingi 400 kwa kila elfu, na kodi ya ushindi bado haijakatwa. Kumbe kila mechi unayoongeza kwenye mkeka unailipa kampuni mshahara mwingine, tena juu ya mshahara wa kwanza.

Kuna wanaojibu: sisi tunachagua timu za uhakika, odi ndogo ndogo. Haya. Chukua timu yenye nafasi ya kushinda mara tatu katika nne, imepewa odi ya 1.30. Ni timu nzuri kweli. Zifunge kumi za namna hiyo, na nafasi ya zote kushinda ni kama moja katika 18. Uhakika mara kumi umekuwa bahati.

Lakini kinachowafunga vijana si hasara, ni kule kukaribia. Kijana mmoja wa bodaboda pale Segera alinionyesha simu yake: mechi kumi, tisa zimetiki. "Kaka, nilibakiza moja tu," akaniambia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeporwa, si wa mtu aliyeshindwa. Turudi kwa wale watu wetu 1,024. Mmoja ameshinda. Waliokosea mechi moja tu ni kumi, na waliokosea mbili ni 45. Jumla ni watu 55 wanaoamini kwamba wamebakiza hatua moja au mbili, na Jumamosi ijayo watarudi. Hakuna aliyewadanganya, ni hesabu yenyewe inayozaa wengi wa kukaribia kwa kila mmoja wa kufika. Na kukaribia juma hili hakukusogezi hata kidogo juma lijalo. Juma lijalo unaanza sifuri.

Hapo ndipo ninapokumbuka kipande. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaenea, Magunga, Ngombezi, Mazinde. Manamba aliyetoka mbali alipewa kadi iitwayo kipande, yenye siku 30 za kazi, na alilipwa siku hizo zilipotimia. Ulikuwa mfumo mgumu na uliwaumiza wengi. Lakini hata katika ugumu ule, aliyefanya siku 29 akaugua alihitaji siku moja tu kutimiza. Zile 29 hazikufutwa kwa sababu ya kukosa ya 30. Mkeka ni mkali kuliko kipande cha mkoloni.

Na tuwatazame wakulima wa Uzigua. Nchi ya Handeni inajua ukame, nayo ilionja nzige na njaa kali mwishoni mwa karne ya 19. Mkulima mzoefu wa huko hakutegemea zao moja. Alipanda mahindi, akapanda mtama, akaweka na muhogo. Mvua ikikatika mahindi yakanyauka, mtama huvumilia. Na vyote vikidhoofu, muhogo uko ardhini. Hesabu yake ilikuwa hiki *au* kile *au* kingine: kimoja kikifaulu, watoto wanakula. Hesabu ya mkeka ni hiki *na* kile *na* kingine: kimoja kikikosa, hakuna anayekula. Mazao matatu ya mkulima yanapunguza hatari. Mechi tatu za mkeka zinaiongeza, ingawa kwa macho vyote viwili vinaonekana ni kutawanya bahati.

Anayetaka kucheza kwa burudani, sheria inamruhusu akiwa mtu mzima. Namwomba mambo mawili. Kwanza, fedha hiyo aihesabu kama kiingilio cha uwanjani, iliyokwisha kutumika, si kama mbegu. Pili, kabla ya kuongeza mechi ya kumi kwa sababu inapandisha laki, ajiulize nani anafaidika na nyongeza hiyo. Na mbegu ya vuli isiguswe. Bei ya mahindi ya mwakani hatuijui, wala mvua hatuijui, ila shamba likikosa robo bado linatupa robo tatu.

Hadi juma lijalo, ndugu wasikilizaji, nawatakia kazi njema.