Ngumi na Faili

Ndugu wahariri wa jarida letu wameniomba niandike makala ya historia, kwa kuwa ndilo somo nililolisomea Chuo Kikuu kabla ya kuingia katika utumishi wa serikali. Bila shaka walitazamia niandike juu ya majengo ya shule yetu au wakuu wake. Nawaomba radhi. Nimechagua kuandika juu ya picha moja ya sinema, na ugomvi ulioletwa na picha hiyo, kwa sababu ugomvi ule haujaisha mpaka leo.

Wenzangu wa miaka ile watakumbuka Jumamosi moja ya mwaka 1996, tulipoletewa deki ya video bwaloni. Tulikaa juu ya meza, madirishani na sakafuni. Picha yenyewe ilikuwa Police Story ya Jackie Chan, yenye sauti za Kiingereza zilizopandikizwa juu ya midomo ya Kichina. Ilipokwisha hatukulala. Bweni letu liligawanyika makundi matatu.

Kundi la kwanza lilisema haijapata kutokea picha kama ile. Walikuwa na haki. Magari yalishuka mlimani yakipita katikati ya vibanda vya watu maskini. Steringi alining'inia kwenye basi kwa mpini wa mwavuli. Na mwishoni aliruka ndani ya jengo la maduka, akashika nguzo iliyozungushiwa taa, akateremka nayo mpaka chini huku taa zikipasuka. Mchezo huo Jackie Chan aliufanya mwenyewe, akaunguza viganja na kuumia mgongo na nyonga. Vioo vilivunjwa vingi hata watengenezaji wa picha wakaipachika jina la utani, "hadithi ya vioo".

Kundi la pili lilikuwa la kaka zetu wa kidato cha sita, waliolelewa kwa sifa za Bruce Lee. Hao walisema polisi gani anayepigwa keki usoni, tena anayejitatanisha na nyaya za simu kituoni kama mtoto? Kwao, picha ya mapigano haikupaswa kuchekesha.

Kundi la tatu lilikuwa dogo, na lilizomewa. Hao waliuliza swali moja tu: je, askari polisi ana haki ya kumpiga mtuhumiwa aliyekwisha kukamatwa? Maana ndivyo picha inavyokwisha. Inspekta Chan Ka-Kui amemkamata mkuu wa wauza dawa za kulevya. Polisi wenzake wamefika. Wakili anakuja kulalamika. Naye inspekta anampiga wakili, kisha anamgeukia mtuhumiwa. Bwalo zima lilisimama kushangilia. Mimi nilishangilia kuliko wengi.

Ugomvi wa namna hiyo haukuwa wetu peke yetu. Picha hiyo ilitoka Hong Kong mwezi Desemba 1985. Jackie Chan alikuwa ametoka kucheza nafasi ya polisi wa New York katika picha ya Kimarekani, The Protector, ambayo hakuridhika nayo, akaamua kuwaonyesha watu namna anavyotaka yeye. Kwao Hong Kong picha ilipata tuzo ya picha bora ya mwaka. Ilipopelekwa kwenye tamasha la sinema la New York mwaka 1987, wapo waliomlinganisha na Buster Keaton, bingwa wa vichekesho vya zamani visivyo na sauti, na wapo walioona kwamba, ukiondoa kuruka na kuanguka, hadithi yenyewe ni nyembamba.

Sasa nije kwenye historia. Ili kuelewa kwa nini watu wa Hong Kong walifurahi kumwona polisi mwema, hatuna budi kujua walikuwa na polisi wa namna gani. Mji huo ulikuwa koloni la Uingereza, na katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 rushwa ilikuwa imeenea katika jeshi lake la polisi. Mwaka 1973 afisa mmoja wa ngazi ya juu, Mwingereza Peter Godber, alikutwa na mali ya zaidi ya dola milioni 4 za Hong Kong, ambayo mshahara wake usingeweza kuizaa. Alipotakiwa ajieleze, alitumia kitambulisho chake cha polisi kupita uwanja wa ndege, akatorokea Uingereza. Wananchi waliandamana wakidai arudishwe.

Serikali ilijibu mwaka 1974 kwa kuunda tume huru ya kupambana na rushwa, isiyo chini ya polisi. Tume hiyo haikupiga mtu ngumi. Ilikusanya hati za benki, ikahoji mashahidi, ikafungua faili. Godber alirudishwa mwaka 1975 akafungwa miaka 4. Haikuwa kazi rahisi: mwezi Oktoba 1977 polisi wenye hasira walivamia ofisi za tume hiyo, na Gavana akalazimika kutoa msamaha kwa makosa mengi ya zamani. Hata hivyo kazi iliendelea, na polisi wa mji ule wakabadilika.

Kwa hiyo, watazamaji wa mwaka 1985 waliposhangilia inspekta asiyenunulika, walishangilia kitu kilicholetwa na karatasi. Bila faili la Godber, nadhani Chan Ka-Kui angechekwa.

Nimeitazama tena picha hiyo mwaka jana, pamoja na wanangu, nikaona mambo mawili ambayo usiku ule wa bwaloni yalinipita. La kwanza: kesi haikuharibiwa na sheria. Iliharibiwa na inspekta mwenyewe. Alimtuma mwenzake ajifanye jambazi ili amtishe shahidi, akubali kulindwa. Shahidi alipogundua hila hiyo alitoroka, na ushahidi ukakosa nguvu mahakamani. La pili: ule mkoba wanaougombania katika jengo la maduka una habari zilizotolewa kwenye kompyuta ya yule mkubwa wa dawa za kulevya. Vioo vyote vile vilivunjwa kwa ajili ya faili! Hata watengenezaji walilijua deni lao, kwani sehemu ya pili ya picha hiyo, ya mwaka 1988, inaanza kwa wakubwa wa inspekta kumshusha kazi na kumpeleka kuongoza magari, kwa sababu ya uharibifu alioufanya.

Kundi dogo la tatu, basi, lilikuwa limeona vizuri. Mimi nililichelewa, na kuchelewa kwangu kulimgharimu mtu.

Wiki mbili baada ya picha ile, redio ilipotea bwenini kwetu. Tulikuwa bado tumejaa sinema. Tulimshuku kijana mmoja wa kidato cha pili kwa sababu tu alionekana karibu na kitanda cha mwenye redio. Hakuna aliyemwita kiranja. Hakuna aliyeuliza maswali mawili. Tulimpiga, nami nilikuwa miongoni mwa waliompiga, na ninakumbuka nilijiona steringi. Kesho yake kwenye paredi tulitangaziwa kwamba redio ilichukuliwa na mwalimu wa zamu, maana redio zilikatazwa mabwenini. Swali moja tu mlangoni pa mwalimu lingetosha.

Tuliadhibiwa, na kijana yule alipona. Lakini adhabu si sawa na kuomba radhi.

Leo kazi yangu ni mafaili. Najua yanavyochelewa, najua wananchi wanavyochoka kuambiwa warudi kesho, na najua ndipo hasira huzaliwa, mtu akashikwa sokoni akaitwa mwizi na kupigwa kabla jina lake halijaandikwa popote. Wanafunzi mlioko shuleni sasa, zitazameni picha hizo, mfurahi. Mimi nazipenda bado. Bali mkumbuke kuwa aliyezomewa bwaloni huenda ndiye aliyeuliza swali la maana.

Nimeambiwa kwamba ndugu yule wa kidato cha pili atahudhuria mkutano wetu wa mwaka huu. Jina lake silitaji; yeye mwenyewe ataelewa. Ndugu yangu, nilikukosea, na hukuwa na hatia. Nakuomba radhi hapa mbele ya shule nzima, kwa sababu nilikupiga mbele ya bweni zima.