Mlima Ulioimbwa kwa Mbali

Mwaka 2010 mwongozaji Shankar alitoa filamu ya Kitamil iitwayo Enthiran, na ndani yake mna wimbo wenye jina la Kilimanjaro, muziki wake ukiwa wa A. R. Rahman. Rajinikanth na Aishwarya Rai wanaucheza katikati ya magofu ya mawe. Mtu wa Marangu au Kibosho akiutazama, hatauona mgomba hata mmoja wa kwao. Wimbo ulipigwa picha Machu Picchu, nchini Peru. Jina lilichukuliwa, mlima ukaachwa Moshi.

Wimbo mmoja si kosa. Sinema ya Kihindi haijapata kudai kuwa ni ramani. La kusikitisha ni jingine. Hao ndio mafundi wa kuigeuza riwaya kuwa picha. Devdas ya Sarat Chandra Chattopadhyay, iliyochapishwa 1917, imerudiwa mara nyingi, ikiwemo 1935, 1955 na 2002. Guide ya R. K. Narayan ikawa filamu mwaka 1965. Watu wa pwani waliujua ufundi huo: Awara ya Raj Kapoor, ya 1951, ilipendwa mno Unguja na Dar es Salaam, na tungo nyingi za taarabu zimevishwa mahadhi yaliyotoka katika filamu za Kihindi.

Basi hadithi za mlimani zilikosekana? Mwaka 1994 zilitoka riwaya mbili kwa pamoja, zote kwa Kiingereza, zote za wana wa Afrika Mashariki. Ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, ni Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa jina la Peponi mwaka 2022. Kijana Yusuf anaachwa dukani kwa Hamid, katika mji ulio chini ya mlima mkubwa ambao yumkini msomaji wa Moshi anaujua bila kutajiwa. Humo yumo Kalasinga, na jina hilo pwani huitwa kila Singasinga. Naye, ingawa si Mwislamu, ana hamu ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Mabishano yake na Hamid yana kicheko na uchungu ambao mwigizaji yeyote wa Bombay angeuonea wivu.

Ya pili, The Book of Secrets, ni ya M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi akakulia Dar es Salaam. Pipa, Mhindi fukara wa Moshi, anamwoa Mariamu wa Kikono, upande wa Waingereza. Vita vya 1914 vinapofika, mpaka unakata katikati ya maisha yake, na kila upande unamtaka awe jasusi wake. Mkewe anaiba shajara ya mtawala wa Kiingereza. Mtoto anazaliwa, na Pipa anabaki na shaka asiyoweza kuisoma, kwa kuwa hajui kusoma. Mapenzi, wivu, vita, siri ya damu: ni yale yale yaliyowajaza watu kumbini kwa miaka mingi.

Bombay haikuvigusa vitabu hivyo. Aliyefanya jambo la namna hiyo ni Amil Shivji, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, aliyeitoa filamu ya Vuta N'kuvute mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi ya 1999. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, alingoja miaka 22 kuonekana. Pipa wa Moshi amekwisha kuipita miaka hiyo.