Simu na Hesabu ya Muda

Msomaji, wewe ukitaja simu huwaza chombo cha mkononi. Lakini asili ya neno hilo ni ya Kiajemi, na maana yake ni waya. Hapa Hagadera, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, Wasomali waliita simu ya upepo taar, na neno hilo nalo, kwa asili yake ya Kihindi, ni waya. Kwa taar hiyo wengi walitafuta jamaa zao waliotawanywa na vita. Basi tuutazame waya huo ulioyazaa majina haya.

Waya hauna kinywa. Hujua mambo mawili tu: umeme kupita na umeme kukatika. Mwaka 1844 Samuel Morse alipeleka habari kutoka Washington hadi Baltimore kwa mapigo mafupi na marefu. Mwaka 1879 waya wa baharini ulifika Unguja kutoka Aden. Mpokeaji alipima muda kwa mazoea yake: pigo refu ni sawa na mafupi matatu, na kimya kati ya herufi ni vivyo hivyo.

Lakini mashine haina mazoea. Mfaransa Émile Baudot, mwaka 1874, aliipa kila herufi mapigo matano yaliyo sawa, ya ndiyo au hapana. Hivyo hupatikana mipango 32. Je, mashine itajuaje pigo la kwanza ni lipi?

Jibu lilipatikana katika mashine za kupiga chapa kwa waya. Waya ukipumzika, husema ndiyo. Herufi ikija, hutangulia hapana moja, kana kwamba mtu abisha hodi. Hapo mpokeaji huanza kuhesabu. Mwishoni hufuata ndiyo ya kukomea. Katika mashine hizo A ilikuwa ndiyo, ndiyo, hapana, hapana, hapana. Mpokeaji akichelewa pigo moja tu, husoma ndiyo, hapana, hapana, hapana, na ile ndiyo ya kukomea. Hiyo ni Z! Mapigo hayakuharibika, ni hesabu ya muda iliyopotea.

Mwaka 2009 nyaya za kioo zipitishazo mwanga zilifika Mombasa kupitia baharini. Kasi imezidi mno, lakini sharti ni lile lile. Mama wa Hagadera angojaye habari ya fedha kutoka kwa mwanawe wa ng'ambo hutegemea mashine mbili, zisizoonana, zikubaliane juu ya muda.